Kidole cha shangazi

Ndiyo kwanza nimerudi kutoka Coco Beach, mchanga hadi kwenye nyusi.

Nilikuwa napiga picha za familia: baba, mama, watoto wanne na shangazi mtu. Saa kumi jioni, upepo wa bahari, jasho.

Kamera yangu ina kioo cha kugusa. Unagusa uso wa mtu, fokasi inakaa pale pale. Raha tupu, ila vidole viwe vikavu. Vikilowa kinachanganyikiwa, maana kinasoma umeme kidogo wa kidole, na maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme.

Sasa shangazi kaja. "Hebu nione nilivyotoka, mwanangu."

Mkononi mihogo, na chachandu.

Kidole kikatua katikati ya kioo, kikasukuma picha ya kwanza, ya pili, ya tatu (sijui kajifunzia wapi). Kikaacha mstari mwekundu wa pilipili.

"Usijali, nakufutia."

Akashika ncha ya kanga, ile ile aliyokuwa ameikalia mchangani, akasugua.

Krrrr.

Nyie! Ile sauti bado ninayo masikioni.

Nyumbani nimepuliza mchanga kwanza kwa kile kipira cha hewa, ndipo nikapitisha kitambaa cha miwani. Mikwaruzo mitatu, yote kwenye protekta niliyobandika Kariakoo mwezi uliopita. Kioo chenyewe kizima.

Na picha aliyoishia shangazi ndiyo kali kuliko zote za leo.

Wapiga picha wenzangu, mteja mtu mzima akitaka kushika kamera mnamwambiaje bila kumuudhi?