Daftari la madeni lilivyonionyesha kipindupindu kilikopitia

Mimi ni mama ntilie kwenye mwalo mmoja, yaani ufuko wa kushushia samaki, huko Ilemela, Mwanza. Wateja wangu wengi ni wavuvi wa dagaa, na anayewajua hao anajua kwamba mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa za kuvulia. Wavuvi wanakaa nchi kavu wanakula kwa mkopo, giza likirudi wanaingia ziwani, ndipo walipe. Kwa hiyo daftari langu naliandika kwa makini: jina, siku, alichokula.

Mwishoni mwa 2015, kipindupindu kilichokuwa kimeanzia Dar es Salaam mwezi Agosti kilitufikia. Jumatano waliugua wawili, Alhamisi watano, Ijumaa wanne. Wanaharisha kama maji ya mchele, wanatapika, macho yamedidimia. Wengine walisema ni upepo mbaya, wengine wakawasingizia wageni kutoka visiwani. Mimi nililaumu vyoo vya jirani, maana kwetu ni mwamba mtupu, shimo halichimbiki, na mvua ikinyesha yote yanateremka ziwani.

Bwana afya alipofika hakufoka. Aliuliza nani, lini, wapi. Akatusimulia habari za daktari John Snow wa London, aliyeweka alama kwenye ramani kwa kila kifo cha kipindupindu mwaka 1854, na alama zikajazana kuzunguka pampu moja ya maji, Broad Street.

"Baba, mimi ramani sina," nikamwambia. "Ila daftari ninalo."

Jioni tukakaa nalo. Kati ya wagonjwa 11, tisa walikuwa mle. Miguu iliniisha nguvu.

"Ngoja kwanza, mama," akasema. "Waliokula kwako wasiugue ni wangapi?"

Hapo aliniweza. Wagonjwa kila mtu alikuwa anawahesabu, wazima hakuna aliyewakumbuka. Akaniambia pia nisitazame cha jana tu, kwa kuwa mtu anaweza kuanza kuharisha saa chache baada ya kuambukizwa au hata siku ya tano. Tukarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Wote tisa walikula mchana wa Jumatatu au Jumanne. Waliokuja siku hizo kwa chai ya asubuhi tu, hakuna hata mmoja aliyeugua.

Nikakumbuka. Siku hizo mbili bomba lilikuwa halitoi maji. Kijana wangu alichota ziwani, palepale wanapooshea mitumbwi, nami nikayajaza kwenye jagi la mezani bila kuyachemsha kwa sababu mkaa ulikuwa umepanda bei. (Mkaa ni kisingizio, najua.) Wali na chai vilipita motoni. Jagi halikupita.

Na wale wawili wasiokuwa daftarini? Mmoja alikuwa mke wa mgonjwa, aliyemfulia na kumsafisha kwa mikono mitupu, mwingine mtoto wao. Hapo hata wa upepo mbaya wakanyamaza.

Nilichokuwa nakiogopa zaidi ni giza la mwezi, maana lilikuwa linakaribia. Bwana afya alikuwa ametuambia kwamba wengi wanaobeba vijidudu hivi hawaumwi kabisa, ila choo chao kinaambukiza. Nikalichukua daftari, nikapita kambi kwa kambi kuwaambia waliokula kwangu siku zile, kabla hawajaondoka kwenda visiwani. Kusema "maji yangu ndiyo yaliyowaumiza wenzenu" mbele ya watu wanaokuheshimu si kazi ndogo. Mmoja alinitukana. Wengine waliuliza dawa, nikawaeleza: ukianza kuharisha, nenda kituoni, usisubiri, na njiani unywe lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Nilifunga banda siku tano. Nilipofungua, beseni la kunawia wote nililitoa, nikaweka ndoo ya koki na sabuni. Maji ya kunywa nachemsha, nayaweka kwenye dumu lenye mdomo mwembamba, mtu anamiminiwa, hachovyi kikombe.

Wagonjwa wote walirudi, namshukuru Mungu. Fundi nyavu, aliyelazwa muda mrefu kuliko wenzake, alikuja kulipa wali wake wa Jumanne. Nikaikataa ile pesa. Akaiacha mezani, akavuta kiti, akaagiza chai.