Blasta ya Bomba la PVC: Maungio, Msasa na Rangi Inayofanana na Chuma

Blasta ya maigizo, yaani bunduki bandia ya kubebwa na vazi la mhusika wa filamu, hukosewa sehemu mbili. Ya kwanza ni maungio: mshikio unang'oka mara tu blasta inapodondoka sakafuni. Ya pili ni rangi: fedha imetapakaa kila kona, na anayeiangalia kwa mbali anajua ni plastiki. Umbo halisumbui sana siku hizi, maana michoro ya kuchapa kwa printa ya 3D ni mingi na bomba la PVC linakatika kwa msumeno wa chuma wa kawaida. Kwa hiyo umbo tutalipitia upesi, tukae zaidi kwenye uso wake.

Kabla ya kukata chochote, jua blasta yako ilitokana na silaha gani. Waliotengeneza filamu ya Star Wars ya 1977 walichukua silaha halisi wakaziongezea vifaa: blasta ya E-11 ya askari wenye deraya nyeupe ilitokana na bunduki ya rashasha ya Sterling ya Uingereza, na bastola ya Han Solo ilitokana na Mauser C96 ya Ujerumani. Hilo ndilo linaloamua rangi. Sterling ilipakwa rangi nyeusi yenye vikunyanzi vidogo. Mauser ni chuma kilichotiwa weusi wa bluu kwa dawa, na mshikio wake ni wa mbao. Rangi huchubuka vipande vipande, lakini weusi wa dawa haubanduki. Hufifia polepole na kuwa kijivu pale mkono unaposhika na pale unapoingia kwenye ala. Anayepaka michubuko mikubwa ya fedha kwenye Mauser amekosea chuma chenyewe, hata kama mkono wake ni mzuri.

Kwa mwili wa mviringo tumia bomba la PVC la milimita 40 kwa kipenyo cha nje, au linalokaribia hapo. Kama huna vipimo vya asili, tafuta picha iliyopigwa ubavuni kabisa, chagua sehemu moja unayojua ukubwa wake wa kweli, kisha pigia hesabu sehemu nyingine kwa uwiano huo. Mwenye kimo kifupi asione haya kupunguza kila kipimo kwa asilimia 5 hadi 10. Silaha inayomzidi mvaaji huharibu vazi zima.

Matundu ya mtutu chora kwenye karatasi, izungushe kwenye bomba, ibane kwa tepu na utie alama kila tundu kwa ncha ya msumari. Ingiza kipande cha mti wa mviringo ndani ya bomba kabla ya kutoboa, la sivyo ukuta utapasuka kwa ndani. Anza na biti ya milimita 3, panda hadi 6, kisha umalizie na biti ya ngazi. Ukiruka moja kwa moja kwenye biti kubwa, hung'ata plastiki na kulizungusha bomba lote mkononi. Endesha keekee polepole, kwa sababu joto huyeyusha kingo na kuacha ndevu ngumu ambazo tupa haiziondoi vizuri. Usijaribu kulainisha kingo hizo kwa moto: PVC ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo huchoma mapafu. Vumbi lake pia si la kuvuta, vaa barakoa.

Sehemu zenye umbo gumu, yaani mshikio, kifyatulio na darubini, zichape kwa PLA, plastiki ya kawaida ya printa ya 3D. Unene wa tabaka wa milimita 0.2 unatosha kwa sehemu kubwa. Kwa darubini na vitufe shuka hadi 0.12, kwa sababu ngazi za matabaka kwenye vitu vidogo vya mviringo ni taabu kuziondoa kwa msasa. Kwenye mipangilio ya printa weka kuta nne na ujazo wa ndani wa asilimia 15 hadi 20. Kuta ni muhimu kuliko ujazo, kwa kuwa msasa hula kuta, na ukuta mwembamba ukitoboka hauna cha kuziba zaidi ya puti.

Sasa maungio. Supaglu hushika upesi na hustahimili kuvutwa, ila ni dhaifu ikipigwa au ikikunjwa. Itumie kushikiza tu. Kazi ya kweli ifanywe na epoksi na chuma: toboa pande zote mbili za ungio, ingiza kipande cha waya wa chuma cha milimita 3 chenye urefu wa sentimita 3 au 4, kisha jaza epoksi ya kukauka kwa saa 24. Ile ya dakika 5 inafaa kwa vipambo. Mshikio ndio hubeba kila kitu, kwa hiyo ufunge kwa boliti mbili za M4 (unene wa milimita 4) zinazopita hadi kwenye kipande cha mbao kilichogundishwa ndani ya bomba. Boliti moja itaruhusu mshikio kuzunguka. Kabla ya gundi yoyote paruza sehemu za kukutana kwa msasa namba 120. Bomba jipya linateleza na epoksi hubanduka kama ganda.

Ukishaunganisha, puti ifuate. Puti ya bodi ya magari ndiyo ninayoiamini kwa mianya mikubwa. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu huanza kuganda baada ya dakika chache, na ukizidisha kigandishi hukauka ikiwa na nyufa. Piga msasa namba 120, kisha 220. PLA hulainika kuanzia nyuzi 60 hivi za sentigredi, kwa hiyo mashine ya msasa huivuruga badala ya kuilainisha: uso hugeuka kuwa utelezi unaonata. Tumia mkono na msasa wa maji.

Osha kila kitu kwa sabuni, acha kikauke, pangusa kwa spiriti, na kuanzia hapo usishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuacha duara ambalo rangi hailishiki.

Praima ya kujaza, yaani rangi nzito ya kwanza inayoziba mikwaruzo, ndiyo hatua ambayo watu huiharakisha na kuijutia. Piga mikono (matabaka ya rangi) miwili au mitatu myembamba, kopo likiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kifaa. Anza kupuliza nje ya kifaa na umalizie nje ya kifaa. Ukianzia juu yake, tone la kwanza la kopo hutua hapo na kuchirizika. Ikikauka, ielekeze blasta kwenye mwanga wa dirisha ukiitazama kwa mshazari. Kila mstari wa tabaka, kila shimo la sindano na kila alama ya msasa itajitokeza. Ziba, piga msasa namba 400, rudia praima. Rangi ya juu haifichi kitu, na rangi ya metali ndiyo mchongezi kuliko zote.

Kwa rangi zenyewe, soma kopo. Rangi nyingi za kupuliza huruhusu mkono mwingine ndani ya muda mfupi au baada ya kukauka kabisa, na ukipiga katikati ya hapo, mkono mpya hulainisha wa zamani na uso mzima hujikunja. Rangi ya laka juu ya enameli husababisha balaa hilohilo. Enameli juu ya laka iliyokauka haina shida. Siku yenye unyevu mwingi hewani laka huganda na ukungu mweupe, basi ahirisha tu.

Kwa blasta ya Sterling, piga kwanza fedha kwenye sehemu zitakazochubuka, iache ikauke siku nzima, kisha nyeusi ya vikunyanzi. Hii hupigwa kinyume na mazoea yote: mikono mitatu mizito, wa kwanza kwa urefu, wa pili kwa upana, wa tatu kwa mshazari, kwa kupishana dakika 5 hivi. Ukiipiga nyembamba haikunjamani. Joto husaidia, lakini kikausha nywele kiwe mbali, maana PLA iko chini yake. Faida yake kubwa ni kwamba vikunyanzi humeza kasoro ndogo ambazo praima ilizikosa. Kisha kwaruza kingo kwa kipande cha msasa namba 600 mpaka fedha itokeze, kwenye mdomo wa mtutu, kwenye kona za mkono wa kukokia na kwenye kingo za kitako. Katikati ya bomba paache.

Kwa Mauser, piga nyeusi inayong'aa kiasi, iache ikauke siku mbili, kisha chukua unga wa penseli laini ya 6B na uusugue kwa kidole kwenye kingo na pale kiganja kinapopita. Sugua kwa duara, pangusa, angalia, ongeza. Weusi hugeuka kijivu cha chuma chenye mng'ao mzito, na hakuna rangi ya kopo inayofikia hapo. Tatizo ni kwamba unga huo huchafua glavu nyeupe. Ufunge kwa klia (rangi angavu ya kulinda) ya nusu mati iliyopigwa kwa ukungu mwepesi, ukikubali kupoteza sehemu ya mng'ao. Rangi za kromu ndizo huteseka zaidi chini ya klia, hufifia na kuwa kijivu cha bati. Kama una sehemu ya kromu, izibe kwa tepu ya karatasi kabla ya kupuliza.

Uchafu uje mwisho. Zimua rangi ya akriliki nyeusi na kahawia kwa maji mpaka iwe nyepesi kabisa, ipake kwenye mifereji na kuzunguka vichwa vya boliti, na ipanguse kabla haijakauka, ukivuta kuelekea chini, kwa sababu mafuta na vumbi hufuata uzito.

Bado ncha ya rangi ya chungwa. Kumbi nyingi za maonyesho huidai, sheria za nchi nyingi zina masharti kuhusu silaha bandia, na mtu anayekuona barabarani hana muda wa kupambanua. Chapa kizibo cha kuingia mdomoni mwa mtutu, kipungue milimita 0.3 kuliko tundu, kikae kwa kubana bila gundi. Kitoe kwa picha tu, kirudishe mara moja, na njiani blasta ikae ndani ya begi lililofungwa. Begi hilo usiliache kwenye gari lililoegeshwa juani: PLA hupinda humo, na mshikio uliopinda haunyooki tena bila kupasua rangi.