Nilivyomaliza kesi ya ushuru bila kumtajirisha wakili

Bado nina hasira na yule aliyeniambia kesi ya ushuru haimalizwi bila "mtu wa ndani". Mimi nauza mabati, misumari na saruji hapa Nakuru, na yangu imekwisha kihalali.

Makadirio ya ushuru kutoka KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, yalikuja yamehesabu kila shilingi iliyoingia kwenye akaunti yangu kuwa mauzo. Niliweka pingamizi ndani ya siku 30, likakataliwa, nikakata rufaa kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru, ada shilingi 20,000. Kisha nikaona heri tuzungumze na KRA, tusuluhishane nje ya jopo.

Washauri hawakukawia. Ajenti mmoja alitaka asilimia ya kile ambacho angeniokolea, tena tumalizane chini kwa chini na rafiki yake, bila karatasi. Nikamuuliza, mwaka ujao nikidaiwa tena nitaonyesha nini? Akanyamaza. Wakili naye alitaja kama laki tatu kabla hajafungua faili. Suluhu nje ya jopo kwa kawaida huandikwa kila upande ujilipie gharama zake, kwa hiyo hizo laki hazirudi.

Sheria inakuruhusu kujisimamia, au kusimamiwa na wakili au ajenti wa ushuru. Nikatafuta ajenti mwingine, tukakubaliana bei ya kazi kwa maandishi: makaratasi yangu, kuongea kwake. Haikufika hata robo ya ile ya wakili.

Nilichapisha taarifa za benki zote, nikanunua kalamu za rangi. Njano, pesa nilizohamisha kutoka M-Pesa yangu, ambazo zilikuwa zimehesabiwa mara mbili. Kijani, mkopo wa sacco. Waridi, michango ya chama, maana mimi ndiye mweka hazina na pesa zilipitia kwangu. Kuna kurasa zilikuwa waridi juu hadi chini! Nikabeba na daftari la chama lenye sahihi ya kila mama kando ya mchango wake. Ofisa wa KRA aliweka kidole kimoja kwenye tarehe ya daftari, kingine kwenye ya benki, akashuka hivyo mstari kwa mstari. Mwishowe akasema, "Mama, hizi tunaziondoa."

Mazungumzo hayo ni ya siri, ndiyo, na siri hiyo inakulinda: unachokubali mezani hakitumiwi dhidi yako suluhu ikishindikana. Lakini makubaliano yenyewe huandikwa, hutiwa sahihi na kupelekwa kwenye jopo. Jopo likiwaruhusu kusuluhishana, mna siku 120. Kabla ya sheria ya fedha ya 2023 zilikuwa 90. Kiasi nilichokubali sitakitaja, nakilipa kwa awamu.

Ukipewa rasimu ya makubaliano, anza kusoma kwenye riba na adhabu. Kwangu ushuru ulikuwa umepunguzwa sawasawa, lakini riba ilikuwa bado ya deni la kwanza. Tuliirudisha rasimu, riba ikahesabiwa upya, ndipo nikatia sahihi.