Uzamili wa uhandisi wa anga: chagua kwanza aina ya kazi utakayofanya, chuo baadaye

Wengi wanaotafuta nafasi ya uzamili katika uhandisi wa anga huanza na orodha ya vyuo bora duniani. Orodha hizo hazisemi jambo moja la msingi: mwezi wa 3 wa tasnifu, utakuwa unafanya nini kutwa nzima? Mmoja atakuwa anangoja zamu ya handaki la upepo, mwingine anavunja vipande vya nyuzi za kaboni kwenye mashine ya kuvuta, na mwingine yuko mbele ya kompyuta na simulesheni iliyogoma. Shahada ni ile ile kwa jina, kazi ni tatu tofauti kabisa.

Chukua anayesema anapenda erodinamiki. Mpe bawa lenye sentimita 30 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, hewa ikipita kwa mita 50 kwa sekunde katika usawa wa bahari. Namba ya Reynolds hapo (uwiano wa msukumo wa mwendo wa hewa na unato wake) ni kama milioni 1. Akitaka kompyuta ihesabu msuguano wa hewa mpaka kwenye ngozi ya bawa, bila njia za mkato za ukutani, seli ya kwanza ya meshi (wavu wa vipande vidogo ambamo kompyuta huhesabu hewa), ile inayogusa bawa, iwe na kimo cha milimita 0.007 hivi, na kila inayofuata izidi iliyotangulia kwa asilimia 20 au chini. Akiweka milimita 0.5 kwa sababu kompyuta inachelewa, programu haitalalamika. Itamchorea picha ya rangi nzuri, impe namba ya ukinzani isiyoaminika, na pale hewa inapobanduka kwenye bawa patakuwa pamehama. Miezi ya mwanzo ya tasnifu ya aina hii huliwa na meshi. Ukisoma haya ukatamani kujaribu, fani yako ndiyo hii. Ukichoka kabla ya kumaliza aya, tazama miundo, udhibiti wa safari, injini au satelaiti.

Muda wa masomo nao hubadilisha mambo. Uingereza uzamili kwa kawaida ni mwaka 1: madarasa mpaka majira ya kuchipua, kisha mradi mpaka mwisho wa kiangazi. Cranfield, chuo cha shahada za juu pekee chenye uwanja wake wa ndege, kinajulikana kwa miradi ya vikundi ambamo wanafunzi wanasanifu chombo kizima, kila mmoja na sehemu yake. Mwaka 1 ni mfupi mno kwa jaribio linalotegemea kifaa cha kuagizwa. Kikichelewa miezi 2, tasnifu imegeuka kuwa ya nadharia. Delft ya Uholanzi, ISAE-SUPAERO ya Toulouse, Ufaransa, na Politecnico di Milano ya Italia huchukua miaka 2 na kredi 120, kila kredi ikiwa saa 25 hadi 30 za kazi. Stuttgart ya Ujerumani ni chuo kizito cha anga na ada yake kwa wasio raia wa Umoja wa Ulaya ni yuro 1,500 kwa muhula, lakini bila Kijerumani hutafika mbali.

Anayetaka kushika satelaiti kwa mikono yake aitazame Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, yenye ufadhili unaoendeshwa pamoja na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia anga za juu. Katika mradi wao wa BIRDS-1, wanafunzi kutoka Japani, Ghana, Mongolia, Nigeria na Bangladeshi walitengeneza satelaiti 5 za mchemraba wa sentimita 10, zikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2017.

Sasa suala ambalo watu huligundua wakiwa wamechelewa: sheria za teknolojia nyeti. Marekani, kumpa mgeni taarifa za kiufundi zinazodhibitiwa huhesabika kuwa ni kuzisafirisha nje, hata kama mmekaa meza moja maabarani. Kwa hiyo unaweza kudahiliwa vizuri, kisha ukakuta mradi wa roketi uliokuvutia hauruhusiwi kuugusa. Muulize msimamizi mapema: utafiti huu uko wazi kwa raia wa nchi yoyote, na matokeo yake yatachapishwa? Uingereza nako, raia wa nchi nyingi huhitaji kibali cha ATAS (ruhusa ya serikali ya kusoma fani nyeti) kwa fani hii. Huombwa ukishapewa nafasi na kabla ya viza, hakina malipo, lakini huchukua wiki kadhaa, na ukibadilisha chuo au mada ya utafiti unaomba upya.

Ufadhili niupitie haraka. Marekani, uzamivu hulipiwa mara nyingi na fedha za utafiti za msimamizi au kazi ya kufundisha. Uzamili usio na tasnifu kwa kawaida unaulipia mwenyewe. Na tusidanganyane: uzamili haukupi leseni ya kusaini ndege iliyotoka matengenezo. Hiyo ni njia nyingine, yenye mitihani yake.

Msingi wako pia upime. Aliyesoma mitambo huja bila mtiririko wa kasi inayozidi sauti na bila mekanika ya safari ya ndege. Wa umeme ana nguvu kwenye udhibiti na mawasiliano, ila miundo humwangusha. Vyuo vingine huongeza masomo ya kuziba pengo yasiyohesabiwa kwenye kredi, na hayo yanaweza kula muhula mzima.

Barua kwa msimamizi isizidi nusu ukurasa. Taja makala yake moja uliyoisoma kweli, eleza kitu kimoja ulichokwisha kufanya kinachokaribiana nayo (taja programu au kifaa ulichotumia), kisha uliza swali moja analoweza kulijibu kwa sentensi mbili. Ambatisha matokeo yako na wasifu tu. Ukinyamaziwa wiki 2, kumbusha mara moja. Kimya kikiendelea, mwandikie mwingine wa maabara hiyo hiyo, na barua iandike upya, maana hawa watu hukaa ofisi jirani na husomeana barua.