Mama kasema "ndiyo maana" halafu akanyamaza

Toka Jumamosi silali vizuri na wala sio shifti za usiku, hizo nimeshazizoea, ni maneno mawili ya mama mkwe aliyoyaachia katikati ya shamba la watu huko Cotswolds, vile vilima vya mashambani vya Uingereza, halafu akaendelea zake kutembea.

Mnaonifuata mnajua visa yake ilivyotutoa jasho. Basi kafika, yupo, mwezi wa tano huu anaona baridi, kavaa koti la Baba Rayan na kanga mbili juu yake. Shule zimefunga wiki moja nikasema tumtoe jamani, asije akarudi Lushoto akahadithia dirisha la nyumba yetu hapa Coventry tu. Tukashika barabara ya A429, ile ambayo huko mbele inafuata njia ya zamani ya Warumi, imenyooka mpaka unajiuliza walikuwa wanawahi wapi, ukishapita Stow-on-the-Wold hata hukai umeshafika kijiji cha Bourton-on-the-Water.

Pa kuegesha gari tumepata kwa taabu. Badala ya kwenda mtoni na watalii wote, Baba Rayan akataka tuanze na njia za mashambani, ndo ugonjwa wake huo. Kwa wasiojua, Uingereza kuna njia za miguu zinazokatiza kabisa katikati ya shamba la mtu, unafuata kimshale cha njano kwenye nguzo, unafungua geti, unafunga, hakuna wa kukuuliza. Mama kafika getini kagoma.

"Mwenye shamba anajua tunapita?"

"Njia ya wote hii mama, ipo kisheria, hata yeye haruhusiwi kuiziba."

"Mh. Na mifugo yake yote hii?"

Akapita, ila anakanyaga yale majani taratibu kama kavua viatu mlangoni kwa wakwe zake. Kondoo wamepigwa namba ubavuni kwa rangi ya bluu, mama mtu 47 na watoto wake wawili wote 47, zimeanza kufifia lakini zinasomeka. Hiyo ikamfurahisha sana, akasimama anawasoma mmoja mmoja, akasema hapa hakuna kupotezeana. Akaangalia kile kilima, ukuta wa mawe, ukijani wote ule, akasema hapa Lushoto tu hapa, wameondoa migomba. Ndo hapo sasa.

"Kumbe huwa mnakuja huku?"

"Mara moja moja mama, tukipata nafasi."

"Ndiyo maana."

Basi. Akageuka kumwita Rayan.

Ndiyo maana nini?? Mimi ni mkwe, siwezi kumuuliza mama wa watu unamaanisha nini. Nimejibu mwenyewe kila jibu. Kwanza nikasema ni bati la jiko, lile tulilomwahidi tangu Ramadhani, maana mimi kwenye simu kila siku ni bili, baridi, uchovu, halafu leo kanikuta kwenye majani nina miwani ya jua. Nikatamani nimwambie mama kutembea hapa ni bure, tumelipia kuegesha gari na aiskrimu basi! Usiku likaja jingine baya zaidi, ndiyo maana hamrudi nyumbani. Na barua yetu ya makazi ya kudumu hapa Uingereza imefika Jumanne, alhamdulillah, tumeisoma, tumeomba dua, nikarudi kuwaza yangu. Baba Rayan namuuliza ananiambia mama alikuwa na njaa. Wanaume.

Ila siku haikuharibika, niseme ukweli. Tukashuka kijijini, mto wenyewe Windrush maji hayafiki hata goti, watoto wamo wanakanyaga, vidaraja vya mawe vifupi, mama akauliza mto gani huu bata anatembea. Halafu tukaingia kile kijiji kidogo cha mfano kilichopo nyuma ya hoteli, kimefunguliwa 1937, wamekijenga kijiji chote upya kwa mawe yaleyale ya rangi ya asali, kila kitu sehemu moja ya tisa. Mapaa yanakufika kiunoni. Kikanisa kinatoa sauti za kwaya. Mama akawa anatafuta duka letu la aiskrimu, akalipata! Halafu akafika pale ambapo ndani ya kile kijiji kidogo kuna kijiji kingine kidogo zaidi, na ndani yake kingine tena, akainama, akashika magoti, akacheka mpaka kanga ikadondoka na wale wazungu wa nyuma yetu wakaanza kucheka naye bila kujua nini. Sijawahi kumsikia anacheka hivyo, hata harusini kwangu.

Jana nimemsikia anamtumia wifi voisi, nikasimama koridoni na kikapu cha nguo labda ataimalizia ile sentensi. Dakika nzima ni kondoo 47. Mto, bata, geti, "na mwenye shamba hata hasemi kitu." Mimi kanitaja mara moja, kwamba maandazi yangu siku hizi yanaumuka.

Sasa haya ya bati tutaona mwisho wa mwezi. Kinachoniumiza kichwa leo ni gari, wakati tunarudi ile taa ya injini ikawaka pale karibu na Warwick na haijazima mpaka sasa, na MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, ni Alhamisi saa tatu asubuhi, mimi ndo nakuwa natoka shifti.