Kisu cha korosho nilichokipeleka Hannover

Mapema mwaka 2023 mama mmoja wa Mikindani, anayeongoza kikundi cha kina mama wabanguaji wa korosho, alikuja karakanani kwangu Mtwara mjini akiwa na visu 12 vilivyofungwa kwenye kanga kuukuu. Nilikuwa nimemtengenezea visu hivyo mimi mwenyewe miezi michache tu kabla ya hapo, na vyote vilikuwa vimelika upande mmoja. Mashine yao ya kukanyaga kwa mguu hutumia visu viwili vilivyopinda kufuata umbo la korosho, na nafasi kati yake ikishapanuka upande mmoja, ganda hupasuka vibaya na korosho iliyomo huvunjika. Hasara yake si ndogo, kwa maana bei nzuri iko kwenye korosho nzima: daraja la W320 linahesabiwa kwa korosho nzima zipatazo 320 katika ratili moja, na vipande huuzwa kando kwa bei ya chini.

“Sikuja kugomba, mwanangu,” aliniambia. “Nataka kujua sababu.”

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nilipofanikiwa, baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu, kusafiri kwenda Ujerumani kuhudhuria maonyesho ya EMO, yaliyofanyika Hannover kuanzia tarehe 18 hadi 23 Septemba 2023, nilitia kisu kimoja kati ya vile kwenye begi la mizigo.

EMO ni maonyesho ya mashine za kuchonga na kufinyanga vyuma, yaani mashine zinazozaa mashine nyingine. Yalianzia Paris mwaka 1975, na kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili. Sisi tuliozoea Nanenane ya viwanja vya Ngongo kule Lindi tunajua maonyesho kuwa ni shughuli ya familia nzima. Kule nilikuta waonyeshaji zaidi ya 1,800, kumbi ambazo huwezi kuzimaliza kwa siku moja hata ukitembea bila kusimama, na watu ambao karibu wote wamekuja kwa jambo moja la kazi. Siku ya kwanza nilifanya kosa la kutaka kuona kila kitu. Niliziona roboti zikilisha mashine vyuma na kuvitoa, nikaona mashine zinazoongozwa na kompyuta zikichonga umbo lenye pande tano bila mtu kugusa kitu, na jioni nikarudi nilikofikia nikiwa nimechoka na kisu changu bado kimo begini.

Siku ya pili nilikwenda moja kwa moja kwenye mabanda ya vifaa vya kupimia. Kijana mmoja alinionyesha vipande viwili vya chuma vilivyosuguliwa hadi vikawa bapa kabisa. Alivitelezesha kimoja juu ya kingine, vikashikana bila gundi wala sumaku, akaniambia nivitenganishe kwa kuvivuta. Sikuweza. Vipande vya namna hiyo vilibuniwa na Msweden Carl Edvard Johansson mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo viwanda huvitumia kuhakiki mikromita zao, yaani vifaa vya kupimia unene. Nakiri kwamba nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa katika miaka yangu yote ya kukereza vyuma nimeiamini mikromita moja ambayo sijawahi kuihakiki hata mara moja.

Hapo ndipo nilipokitoa kisu. Kijana yule hakukidharau. Alikisafisha, akakiweka chini ya mashine ya kupima ugumu kwa kipimo cha Rockwell C, ambayo hukandamiza chuma kwa ncha ya almasi kwa uzito wa kilo 150 kisha husoma kina cha alama iliyobaki. Alipima sehemu tatu: 44, 37, 31. Kisu kimoja, ugumu wa aina tatu! Kwa kazi ile alishauri kisu kifike 56 au zaidi, kwa usawa kutoka ncha hadi ncha.

Miaka yote nimewalaumu wauza vyuma chakavu, na nimeyalaumu mafuta ya ganda la korosho, yale makali yanayowaunguza kina mama vidole hata wakajipaka majivu. Mafuta hayo yana sehemu yake, lakini kosa kubwa lilikuwa kwenye moto wangu. Chuma cha springi za lori ninachokitumia ni kizuri. Mimi nilikuwa nakipasha kwenye mkaa kikawa chekundu zaidi upande mmoja, kisha nakichovya majini. Mzee mmoja kwenye banda la tanuri alinieleza taratibu, kwa Kiingereza chepesi kama changu: pasha kisu chote kwa usawa mpaka sumaku iache kukishika, ongeza moto kidogo, kichovye kwenye mafuta badala ya maji, kisha kirudishe kwenye joto la nyuzi 200 hivi kwa saa mbili ili kisivunjike.

Mashine kubwa sikununua. Nilirudi na mikromita mpya na seti ya tupa sita za kupimia ugumu, kuanzia 40 hadi 65: tupa ikiteleza, chuma ni kigumu kuliko tupa hiyo; iking'ata, chuma ni laini zaidi.

Yule mama alikuja Oktoba, minada ya korosho ikiwa inaanza.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wamesemaje huko?”

Nilimpa tupa ya 40 aijaribu mwenyewe kwenye kisu cha zamani. Upande mmoja iliteleza, upande wa pili iling'ata ikatoa unga wa chuma. Alirudia mara tatu, akainama kuutazama ule unga kidoleni.

“Kosa lilikuwa langu, mama,” nilimwambia.

Visu vipya 12 alivichukua baadaye. Tupa ya 55 iliteleza juu ya vyote, ncha hadi ncha. Niliandika ugumu wa kila kimoja kwenye daftari, naye aliahidi kuvirudisha Januari, vikiwa vimelika au havijalika, ili nivipime tena.