Siku moja kazini: kupima umri wa mbu na umri wa chandarua

Mimi ni fundi wa maabara ya wadudu katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Katika vijiji tunavyofanyia kazi, watu hawatuiti watafiti bali hutuita watu wa mbu, na jina hilo linatosha kabisa. Mradi wetu wa sasa unafuatilia vyandarua vilivyogawiwa miaka kadhaa iliyopita ili kujua kama bado vinaua mbu, na ni kwa muda gani vitaendelea kufanya hivyo. Wasomaji wengi wameona habari za matokeo ya tafiti za malaria zikitangazwa kwa sentensi moja au mbili. Leo ninaeleza kazi inayofanyika kabla ya sentensi hizo, saa kwa saa, kama ilivyokuwa siku ya Alhamisi.

Saa 11 alfajiri

Mitego ya taa hukusanywa kabla jua halijachomoza, kwa sababu joto likipanda mbu hukauka ndani ya mfuko na baadaye hawatambuliki. Mtego wenyewe ni taa ndogo inayotumia betri, yenye feni chini yake na mfuko wa wavu, nao hutundikwa upande wa miguu ya kitanda ambacho mtu amelala ndani ya chandarua. Harufu na pumzi ya aliyelala ndiyo inayomvuta mbu. Akishindwa kumfikia mtu huzunguka, huifuata taa, na feni humnyonya. Kanuni ya kwanza anayofundishwa kila mgeni katika kazi hii ni kufunga mdomo wa mfuko kabla ya kuzima feni, la sivyo mavuno ya usiku mzima yanaruka na kurudi chumbani.

Kuingia chumbani mwa watu alfajiri si jambo dogo. Ninabisha hodi, ninasubiri, ninamwamkia mama mwenye nyumba, naye baada ya kuitikia marahaba ananieleza kwamba mtoto alilala vizuri na kwamba mumewe alirudi kutoka shambani usiku wa manane. Taarifa hiyo ya pili naiandika kwenye fomu, kwa kuwa idadi ya watu waliolala ndani, na saa walizoingia kitandani, hubadilisha tafsiri ya idadi ya mbu. Wakati wa mpunga familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya shambani kulinda mazao dhidi ya ndege na wanyama, na chandarua kilichoachwa nyumbani hakimkingi mtu yeyote. Mtu anayesoma takwimu za utumiaji wa vyandarua akiwa ofisini anaweza kudhani kwamba wanakijiji ni wazembe. Akija msimu wa kuamia ndege ataelewa.

Saa 2 asubuhi

Mbu waliokufa wanapangwa kwenye sahani chini ya darubini, na walio hai wanabaki kwenye vikombe vya karatasi vilivyofunikwa wavu. Wengi wao huwa ni Culex, wale wa mitaro na vyoo, ambao huwaudhi watu usiku lakini hawaambukizi malaria. Anofelesi, jamii inayoambukiza malaria, ninawatenga kwa papasi zao, yaani viungo viwili vya kuhisi vilivyo pembeni mwa mdomo, ambazo kwa jike huwa ndefu sawa na mdomo, kisha naangalia miguu. Wenye madoadoa miguuni ni wa kundi la Anopheles gambiae, ambalo katika bonde letu siku hizi karibu wote huwa ni arabiensis, ingawa kwa macho hawatofautiani na ndugu zao na lazima uthibitisho utoke kwenye kipimo cha vinasaba. Wadogo, weusi, wasio na madoadoa miguuni ni Anopheles funestus.

Huyo wa pili ndiye anayetushughulisha zaidi. Mara nyingi idadi yake kwenye mitego ni ndogo kuliko ya arabiensis, lakini uchunguzi wa miaka mingi katika bonde hili umeonyesha kwamba ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi. Anapenda damu ya binadamu kuliko ya ng'ombe, anapumzika ndani ya nyumba, anazaliana kwenye maji ya kudumu yenye majani hata wakati wa kiangazi, na amejenga usugu mkubwa dhidi ya pairethroidi, yaani viuatilifu ambavyo kwa miongo kadhaa vilikuwa ndivyo pekee vilivyopakwa kwenye vyandarua. Mwaka 2024 kundi la watafiti wakiwemo Watanzania lilichapisha ugunduzi wa badiliko la kijenetiki ambalo halikuwahi kuonekana katika spishi hii, badiliko linalogusa mishipa ya fahamu ya mbu na kumpa usugu dhidi ya DDT, kiuatilifu cha zamani, na walilihusisha na shehena ya zamani ya DDT iliyokuwa imehifadhiwa hapa hapa mkoani Morogoro. DDT haitumiki tena mashambani, lakini mbu wameihifadhi historia yake katika miili yao.

Saa 4 asubuhi

Sasa ni kazi ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kupasua mbu. Jike aliye hai huzubaishwa kwa baridi, huwekwa kwenye kioo chenye tone la maji, na kwa sindano mbili nyembamba ninavuta pingili za mwisho za tumbo hadi vifuko vya mayai vitoke nje. Vikikauka ninaviangalia chini ya darubini kubwa. Mirija midogo ya hewa inayozunguka vifuko hivyo huwa imejikunja miishoni kama mbu hajawahi kutaga, na akishataga mara moja hunyooka, haijikunji tena maisha yake yote. Njia hii iliasisiwa na mtaalamu wa Kisovieti, Tatiana Detinova, katikati ya karne iliyopita, na mpaka leo maabara isiyo na mashine za gharama inaweza kuitumia.

Kwa nini umri ni muhimu kiasi hicho? Mbu anapofyonza vimelea kutoka kwa mgonjwa, hawezi kumwambukiza mtu mwingine kesho yake. Vimelea huhitaji takribani siku 10 hadi 14, kulingana na joto, kukua tumboni mwa mbu na kufika kwenye tezi za mate. Mbu wengi hufa kabla ya hapo. Malaria yote duniani hutegemea wachache wanaoishi hadi uzee, na ndiyo maana kifaa kinachofupisha maisha ya mbu kwa siku chache tu kinaweza kupunguza ugonjwa kwa kiwango kikubwa hata kama idadi ya mbu mtegoni haionekani kupungua. Mwanakijiji anayelalamika kwamba mbu ni wengi vilevile baada ya kugawiwa vyandarua vipya hasemi uongo, ila wingi wa mbu na hatari ya mbu ni vitu viwili tofauti.

Baada ya kupasua, kichwa na kifua cha kila mbu huwekwa kwenye kichupa chenye chembe za kukausha, na miguu kwenye kichupa kingine. Cha kwanza huenda kupimwa vimelea na cha pili huenda kupimwa spishi. Namba ya kichupa huandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufutika ukikutana na spiriti, na kichupa kisicho na namba hutupwa bila mjadala.

Saa 6 mchana

Kwenye chumba cha kufugia mbu joto ni nyuzi 27 na unyevu ni mzito kiasi kwamba miwani hupata ukungu mtu anapoingia. Hapa tunapima vipande vya vyandarua vilivyokatwa kutoka majumbani. Kipande hufunikwa kwa koni ya plastiki, mbu watano huingizwa kwa dakika 3, kisha hutolewa na kulishwa maji ya sukari. Baada ya dakika 60 tunahesabu walioanguka, na baada ya saa 24 tunahesabu waliokufa. Sambamba na hao huwapo mbu waliowekwa kwenye wavu usio na dawa, kwani bila wao haiwezekani kujua kama vifo vimesababishwa na chandarua au na joto la chumba.

Kipimo hicho kilitosha wakati vyandarua vyote vilikuwa na pairethroidi, dawa inayomwangusha mbu papo hapo. Baadhi ya vyandarua vya kizazi kipya vina dawa ya pili iitwayo klorofenapiri, na hiyo hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Inapoingia mwilini haina ukali mkubwa. Ni vimeng'enya vya mbu mwenyewe vinavyoibadilisha kuwa sumu inayozuia chembe hai kutengeneza nguvu. Jambo la kufurahisha ni kwamba vimeng'enya hivyo ni vya jamii ileile ambayo mbu sugu huitumia kuvunja pairethroidi, hivyo silaha yake inaweza kugeuka kuwa chanzo cha kifo chake. Hata hivyo mbu aliyetulia ndani ya koni mchana hafanyi kazi hiyo vizuri, kwa sababu mwili wake umelala. Ukimpima kwa dakika 3 utaandika kwamba chandarua hakifai, nawe utakuwa umekikosea chandarua kizuri. Kwa hiyo klorofenapiri tunaipima usiku, mbu wakiwa macho na wanatafuta damu, na vifo tunavihesabu hadi saa 72.

Umuhimu wa dawa hiyo ulithibitishwa nchini mwetu. Mwaka 2019 wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, vyandarua vya aina 4 vilianza kulinganishwa katika makundi 84 ya vitongoji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 na Jacklin Mosha wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu pamoja na wenzake yalionyesha kwamba baada ya miezi 24 watoto waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 45.8 kwenye maeneo ya vyandarua vya kawaida na asilimia 25.6 kwenye maeneo ya vyandarua vyenye klorofenapiri. Mwezi Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza rasmi. Huo ni ushindi, na sina nia ya kuupunguza. Lakini kufikia mwaka wa tatu wa utafiti huohuo, kaya zilizokuwa bado zinavitumia vyandarua hivyo zilikuwa zimepungua sana, na hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Saa 9 alasiri

Tunarudi kijijini kwa bodaboda tukiwa na fremu ya kutundikia chandarua, fomu na vyandarua vipya vya kubadilishana. Kabla ya lolote ninamsomea mkuu wa kaya fomu ya ridhaa, na nyumba ya kwanza mzee mmoja ananisikiliza hadi mwisho kisha ananiuliza, "Mwanangu, sasa hiki kibovu mnakipeleka wapi?" Ninamweleza kwamba kitakatwa vipande, nusu vipimwe kwa mbu na nusu vipimwe kiasi cha dawa kilichobaki. Anacheka na kusema kwamba chake kimebaki na moshi tu.

Matundu huhesabiwa kwa mkono. Lisilopitisha kidole gumba ni la daraja la 1, linalopitisha kidole gumba lakini si ngumi ni la 2, linalopitisha ngumi lakini si kichwa ni la 3, na linalopitisha kichwa ni la 4. Kila daraja lina uzito wake: tundu moja la daraja la 4 lina alama 576, la daraja la 1 lina alama 1. Chandarua chenye jumla isiyozidi 64 huhesabiwa kuwa kizima, na kinachozidi 642 huhesabiwa kuwa hakifai tena. Cha mzee huyu kina matundu mawili ya daraja la 4 upande wa ukutani, pale kitambaa kinaposuguana na fito za kitanda, na mengine madogo ambayo mkewe ameyashona kwa uzi mweusi kwa ustadi mkubwa.

Nyumba baada ya nyumba picha ni ileile. Panya, misumari, vitanda vya kamba, ufuaji wa mara kwa mara na koroboi huchakaza kitambaa mapema kuliko miaka 3 ambayo kampeni za ugawaji hukadiria. Nina maoni yangu hapa, nayo si ya mradi: tumetumia nguvu nyingi mno kutafuta dawa mpya, na nguvu kidogo mno kudai kitambaa imara. Sumu nzuri kwenye wavu uliochanika humkosa mbu anayepita tunduni bila kugusa uzi. Bei ya chandarua hupangwa kwa ununuzi wa mamilioni, na senti chache za kitambaa kizito hukatwa kwanza, kwa kuwa hazionekani kwenye jedwali la mwaka wa kwanza.

Saa 12 jioni

Mitego inatundikwa, betri zinapimwa, namba za nyumba zinaandikwa upya.

Saa 3 usiku

Maabara inafunguliwa tena kwa kipimo cha handaki. Ni sanduku refu la kioo lililogawanywa kwa kipande cha chandarua chenye matundu 9 ya sentimita moja. Upande mmoja yupo sungura aliyefungiwa kwenye kizimba kidogo, upande wa pili tunaachia mbu 100. Wanaotaka damu lazima wapite tunduni, na wakipita huugusa wavu. Leo kipande kilichopo ni cha nyumba ya jirani yake yule mzee, kilichotumika tangu ugawaji uliopita. Asubuhi tutahesabu waliovuka, walioshiba na waliokufa, kisha waliobaki hai watawekwa kwenye vikombe na kusomwa baada ya saa 24, 48 na 72. Hesabu ya mwisho itaangukia Jumatatu asubuhi, ila ile ya saa 48 ni Jumapili. Mwenzangu amekubali kuisoma yeye, nami nitashika zamu yake ya mitego Jumamosi.